Kupima hedifoni za ndani ya sikio za bei ya kati: anza na sikio, muziki ungoje

Miaka kadhaa iliyopita nilizihukumu hedifoni fulani kwa haraka. Nilizichomeka masikioni, nikacheza wimbo mmoja niupendao, nikasema hazina besi, zinalia kama kopo. Nikampa mdogo wangu. Wiki iliyofuata akaniuliza kwa nini nimegawa kitu kizuri namna ile. Nikazivaa tena, safari hii zikiwa na vipira (vile laini vinavyoziba mfereji wa sikio) alivyovibadilisha yeye, saizi moja juu ya vile nilivyotumia mimi. Besi ikaja yote. Kumbe mfereji wa sikio langu la kulia ni mpana kuliko wa kushoto, na mimi fundi sauti wa miaka yote hiyo sikuwa nalijua.

Tangu siku hiyo sitoi neno kuhusu hedifoni kabla ya kupita hatua hizi. Za bei ya kati ndizo zinazouhitaji zaidi utaratibu huu, maana nyingi siku hizi zina spika nzuri ndani. Zinapotofautiana ni kwenye umbo, kwenye namna zinavyokaa sikioni, na kwenye uamuzi wa mtengenezaji kuhusu sauti ipi iwe mbele.

Hatua ya 1: Zikague mkononi

Zishike karibu na taa. Pitisha ukucha kwenye ungio la ganda. Ukucha ukinasa, jasho nalo litapita. Tazama mdomo, yaani kile kijibomba kinachoingia sikioni. Uwe na wavu wa kuzuia nta, na uwe na ukingo kidogo wa kushika kipira. Mdomo usio na ukingo utakuachia kipira ndani ya sikio siku moja, na kukitoa si jambo la kufurahisha.

Tafuta pia vitundu vya hewa, mara nyingi kimoja au viwili kwenye ganda. Hivyo ni sehemu ya sauti. Kikizibwa kimoja, besi inabadilika, kwa hiyo angalia kama kidole chako au nyama ya sikio inakiziba ukishavaa.

Kama hedifoni ni za waya, swali langu la kwanza ni kama waya unachomoka. Waya ndio hufa kwanza. Viungio vilivyozoeleka ni pini mbili za milimita 0.78, ambazo hupinda ukizisukuma vibaya, na MMCX, inayozunguka na ambayo kwa wengine hulegea kadiri muda unavyokwenda. Hata hivyo, chochote kinachochomoka ni bora kuliko waya ulioshonewa ndani, hata kama hizo nyingine zina ganda la chuma linalong'aa. Kama hazina waya, soma namba ya kuzuia maji: IPX4 ni matone na jasho tu, IPX7 ni kuzama mita 1 kwa dakika 30. Na namba hiyo mara nyingi ni ya hedifoni zenyewe, kiboksi cha kuchajia hakimo.

Hatua ya 2: Vipira

Hapa usiwe na haraka. Kabla hujasikia hata noti moja, jaribu saizi zote zilizokuja kwenye boksi, sikio moja moja. Usidhani masikio yako ni pacha.

Kuvaa kwenyewe kuna namna yake. Pitisha mkono wa upande wa pili juu ya kichwa, vuta sikio juu na nyuma kidogo ili mfereji unyooke, ingiza hedifoni huku ukiizungusha, kisha achia sikio. Ukifanya hivyo, dunia ya nje inapaswa kushuka ghafla. Isiposhuka, kuna upenyo.

Sasa cheza kitu chenye besi inayoendelea bila kukatika, kwa sauti ya chini. Bonyeza hedifoni kwa kidole, polepole. Besi ikipanda sana ukibonyeza na kushuka ukiachia, kipira hakijaziba. Sababu ni hii: mfereji uliozibwa ni kama chumba kidogo sana, na spika yenye upana wa milimita chache inaweza kuijaza hewa yake kwa mgandamizo. Mtetemo wa besi ni wa polepole, hivyo hewa inapata muda wa kutoroka kwenye upenyo kabla haijaisukuma ngoma ya sikio. Mitetemo ya sauti nyembamba ni ya haraka, haipati nafasi hiyo. Ndiyo maana upenyo hukuibia besi na kukuachia ukali, na mtu akasema hedifoni ni mbaya.

Vipira vya sponji huziba vizuri zaidi kwa masikio mengi, lakini vina kazi: vifinyange, viingize, vishikilie kama nusu dakika vitanuke. Huwa vinalainisha kidogo sauti za juu, jambo ambalo kwa hedifoni kali ni neema. Ukisikia kitu kinatatarika unapoingiza, huenda ni utando wa spika unaopinda kwa mgandamizo wa hewa. Kwa kawaida sauti haiharibiki, ila mimi huandika, kwa sababu utalisikia hilo kila siku ya maisha yake.

Kina nacho kina neno. Hedifoni ikizama zaidi, mwinuko wa sauti ulio kwenye eneo la Hz 8,000 (Hz ni idadi ya mitetemo kwa sekunde) husogea. Watu wawili wanaweza kubishana kutwa kuhusu ukali wa hedifoni ileile, na wote wakawa wanasema kweli.

Hatua ya 3: Zivae bila kuzisikiliza

Saa moja, ukifanya shughuli zako. Tafuna kitu, piga miayo, inama, tembea. Hatua zako zitasikika kichwani kama ngoma, maana ukiziba sikio sauti za mwilini hukosa pa kutokea. Hilo ni la hedifoni zote za aina hii, lakini baadhi zimezidi. Gusa waya uone kama unakwaruza hadi sikioni. Kama unavaa miwani, uvae. Maumivu yanayokuja dakika ya arobaini hayataonekana kwenye jaribio la dakika tano.

Hatua ya 4: Sawazisha ukubwa wa sauti

Ukilinganisha hedifoni mbili, ile inayolia kwa nguvu zaidi itashinda, hata kwa tofauti ya desibeli moja. Sikio halisemi "hii ni kubwa", linasema "hii ni safi". Kwa hiyo cheza rekodi moja ya mtu anayezungumza, shusha ile yenye nguvu hadi mzungumzaji awe umbali uleule kwenye zote mbili, uandike namba za sauti kwenye simu. Kila ukibadilisha hedifoni, rudi kwenye namba zake.

Zima ikwalaiza, yaani kirekebisha besi na sauti za juu, na vikorombwezo vyote vya kuongeza besi. Sikiliza kwa kiwango unachotumia siku zote, kwa sababu sikio hupoteza besi sauti ikiwa chini. Watafiti wa sauti Fletcher na Munson walilipima hilo tangu 1933. Usipandishe ili "uzijaribu vizuri". Shirika la Afya Duniani linataja desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki kuwa kikomo cha mtu mzima, na kila desibeli 3 zinazoongezeka hukata muda huo kwa nusu.

Kuhusu omu, yaani kipimo cha ukinzani wa umeme: hedifoni za omu 16 hadi 32 kwa kawaida simu inazimudu. Ila zenye spika kadhaa ndogo kila upande huweza kubadilika sauti zikichomekwa kwenye kifaa kingine, basi zipime kwenye kifaa utakachokitumia.

Hatua ya 5: Sasa sikiliza

Naanza na sauti ya mtu, kwa sababu hakuna chombo tunachokijua kuliko hicho. Nina rekodi yangu mwenyewe nikisema: "Shangazi Asha alishusha sahani sita sakafuni." Jirekodi nawe, au mrekodi mtu unayeishi naye. Mtu akisikika kana kwamba anazungumza ndani ya ndoo, kuna ziada karibu na Hz 200 hadi 300. Akisikika anapiga kelele puani, tazama Hz 1,000 hadi 3,000. Na zile "s" na "sh" zikichoma kama sindano, tatizo liko Hz 5,000 hadi 8,000. Sentensi hiyo moja imenisaidia kuliko nyimbo nyingi.

Kisha besi. Uzi mzito wa gitaa la besi hutoa Hz 41 hivi, na kibonye cha chini kabisa cha piano ni Hz 27.5. Lakini usiulize besi ni nyingi kiasi gani. Uliza kama unaweza kuifuata. Jaribu kuimba mstari wa besi kwa mdomo huku wimbo unaendelea. Ukishindwa kutofautisha noti, na kila kitu ni "vuuuu" moja, hiyo ni besi ya debe.

Kwa sauti za juu sikiliza matoazi: kwanza pigo la fimbo, halafu mlio unaofifia taratibu. Ukisikia kama kitu kinakaangwa, au mlio unakatika kabla ya wakati, andika. Kibonye cha juu kabisa cha piano hakifiki hata Hz 4,200. Yanayosikika juu ya hapo mara nyingi ni mitetemo ya juu inayoandamana na noti zenyewe, ile inayotuambia hiki ni chuma na kile ni ngozi.

Bado mizani. Cheza sauti ya mtu mmoja iliyorekodiwa katikati. Inapaswa kukaa katikati ya kichwa. Ikivutwa kushoto, badilisha: ya kushoto vaa kulia, ya kulia vaa kushoto. Sauti ikihamia kulia, kasoro ni ya hedifoni, au wavu wake una nta. Ikibaki kushoto, kasoro ni ya sikio lako, au ya kipira kutoliziba vizuri.

Hatua ya 6: Mchoro wa vipimo, kama upo

Huu ni ule unaoonyesha hedifoni inatoa nguvu kiasi gani kwenye kila Hz. Usome baada ya kusikiliza. Utaona mlima kwenye Hz 3,000 hivi, nao si kosa. Sikio lililo wazi hukuza sauti za eneo hilo lenyewe. Ukiliziba, mtengenezaji analazimika kurudisha ulichokizuia. Na kilele cha karibu na Hz 8,000 usikiamini moja kwa moja, maana mara nyingi ni cha kifaa cha kupimia chenyewe, na chako kitakuwa kwingine.

Hatua ya 7: Kaa nazo wiki moja, kisha rudi kwenye za zamani

Kipya kinyemi ingawa kidonda. Utaambiwa uzichezeshe hedifoni saa mia ili zifunguke. Mimi naona kinachobadilika zaidi ni ubongo wako kuzoea, na wewe kujifunza kuzivaa. Kwa hiyo sikiliza wiki nzima, halafu siku ya nane vaa zile za zamani. Jambo la kwanza utakalolikosa, au litakalokupa nafuu, ndilo la kuandika juu kabisa ya karatasi.

Wakati wa kuamua, tenganisha yanayotibika na yasiyotibika. Besi iliyozidi au ukali kidogo, ikwalaiza itaushusha. Ganda linaloumiza, waya unaokwaruza, sauti isiyokaa katikati: hayo yarudishe dukani pamoja na risiti.

Zile za mdogo wangu bado anazo. Amebadilisha waya mara mbili, na kila ninapoziazima ananiuliza kama nimekuja na vipira vyangu.