Jinsi ya Kusaidia Kutafuta Sayari za Mbali

Mradi wa SETI@home, ulioanza mwaka 1999 kwa kuazima nguvu za kompyuta za watu majumbani ili kutafuta ishara za viumbe wenye akili nje ya Dunia, uliacha kugawia kompyuta hizo kazi mwaka 2020. Anayetaka kusaidia utafutaji wa uhai nje ya Dunia anaweza sasa kujiunga na Planet Hunters TESS, mradi wa kutafuta sayari zinazozunguka nyota nyingine, katika tovuti ya Zooniverse, ambako kinachohitajika hasa ni macho yake.

Jisajili ili kazi yako itambulike, kisha pitia mafunzo mafupi. Utaonyeshwa grafu ya mwangaza wa nyota moja, uliopimwa na TESS, darubini ya anga za juu ambayo NASA iliirusha mwaka 2018. Sayari inapokatiza mbele ya nyota yake, nukta za grafu hushuka kwa saa kadhaa kisha hurejea zilipokuwa; weka alama kila unapoona mshuko huo. Sayari kubwa kama Mshtarii hupunguza mwangaza wa nyota kama Jua kwa takriban asilimia 1, ilhali iliyo sawa na Dunia haifikishi hata asilimia 0.01, kwa hiyo usiharakishe. Mshuko wa kina kirefu wenye umbo la V mara nyingi husababishwa na nyota mbili zinazofunikana.

Usipoona kitu, jibu hivyo bila aibu, kwani grafu moja hukaguliwa na watu kadhaa. Sayari PH1b, iliyotangazwa mwaka 2012, iligunduliwa na wajitolea wawili katika mradi uliotangulia huu.