Jinsi ya kufuatilia neno la Kiingereza lilivyobadilika maana: tunafanya na "forecast"

Wiki iliyopita dogo mmoja wa mtaani anayesoma chuo cha Biblia kanitumia meseji saa tano usiku: "Kaka shikamoo, Danieli 11:24 kwenye Biblia ya Kiingereza cha zamani, huyu mfalme anatabirije vifaa?" Nikacheka mpaka wife akaamka.

Mstari wenyewe uko hivi: "he shall forecast his devices against the strong holds". Dogo kachukua forecast ya kwenye simu yake, ile yenye picha ya wingu na matone, kachukua na devices ya dukani Kariakoo, kazigandisha pamoja. Kumbe Biblia ile ilichapwa 1611, na wakati huo forecast ilikuwa kupanga jambo kabla ya kulifanya, na devices ni hila. Jamaa anapanga hila zake dhidi ya ngome, basi. Hakuna utabiri, hakuna chaja.

Mimi kazi yangu ni kutafsiri, na hili neno lilishawahi kuniaibisha mbele ya mteja (nitasema kwenye hatua ya 4). Nimemwelekeza dogo kwa simu siku mbili, nikaona bora niandike, maana najua yuko mwingine huko amekwama hivi hivi.

Hatua ya 1: Andika unachodhani neno lina maana gani

Kwenye karatasi. Dakika moja. Dogo aliandika "kutabiri". Iache hapo, tutaifuta baadaye.

Hatua ya 2: Livunje

Fore ni mbele, kabla. Cast ni kutupa, na Waingereza waliipata kwa watu wa kaskazini, wale Wanorse waliokuja na mashua zao. Ukiishia hapo unapata "kutupa mbele" na unabaki unashangaa kutupa kunahusianaje na mvua ya kesho.

Sasa hapa Kiswahili kinakubeba kuliko kamusi yoyote. Zamani Mwingereza alikuwa "ana-cast" hesabu, kwa sababu hesabu ilipigwa kwa vitufe vinavyorushwa na kusogezwa juu ya meza yenye mistari. Alikuwa "ana-cast" kura. Alikuwa "ana-cast" nyota za mtoto aliyezaliwa. Sisi tunasemaje? Tunapiga hesabu, tunapiga kura, tunapiga ramli. Kitenzi kimoja, "piga", kinafanya kazi zote zile zile. Kwa hiyo usiisome cast kama kutupa jiwe, isome kama "piga" ya kupiga hesabu, na forecast inakuwa kupiga hesabu mapema. Dogo alivyosikia hivyo akasema "aaah", na ile "aaah" ndiyo iliyonifanya niandike.

Hatua ya 3: Kamusi tatu za umri tofauti

Sio moja. Na tafadhali usianze na programu ya kutafsiri ya kwenye simu, ile inakupa maana ya leo tu na inakupa kwa kujiamini kabisa.

Ninazotumia mimi: Etymonline kwa kuanzia, ni bure na haili bando. Kamusi ya Kiingereza cha kati ya Chuo Kikuu cha Michigan, bure pia, hii nzuri kwa mambo ya kabla ya 1500. Halafu kamusi ya Samuel Johnson ya 1755, iko mtandaoni. Oxford ile kubwa ndiyo baba lao lakini ya kulipia, kama chuo chako kinayo itumie mpaka wakufukuze.

Ukizipitia utaona neno lipo tangu miaka ya 1300 mwishoni. Chaucer, mshairi wa Kiingereza wa wakati huo, kwenye kile kisa chake cha jogoo na mbweha ana mbweha aliyejificha kwenye mboga za bustani, na ujanja wake kauita "forncast", umepangwa tangu kabla. Angalia tahajia lakini, ina n katikati, ukitafuta "forecast" peke yake humpati mbweha wako. Johnson naye, miaka karibu 400 baadaye, anaanza na kupanga kabla ya kutenda, na kuona mbele ili ujikinge kakuweka mwisho. Hali ya hewa hamna. Hiyo ni 1755.

Hatua ya 4: Tafuta neno kwenye vitabu vilivyoskaniwa (chukua chai kabisa)

Hapa ndipo nilipopoteza Jumamosi nzima.

Mteja alitaka maelezo mafupi kuhusu asili ya neno forecast. Nikaingia kwenye Ngram Viewer ya Google, ile inayochora mstari kuonyesha neno limetumika kiasi gani mwaka hadi mwaka, nikaweka 1600 mpaka 1900. Mstari umelala chini kama nyoka aliyeshiba. Nikaenda Google Books, nikatafuta vitabu vya miaka ya 1600 na 1700, vitu viwili vitatu tu. Nikajiambia ahaa, hili neno kumbe halikuwepo, limetungwa na watu wa hali ya hewa miaka ya 1860. Nikaandika hivyo, nikatuma, nikalala. Jumatatu mhariri wa mteja ananirudishia na mstari mmoja: "Vipi kuhusu Biblia ya 1611?" Niliona aibu mpaka masikio yakawaka.

Tatizo lilikuwa herufi s. Wachapaji wa Kiingereza mpaka kwenye 1800 hivi walikuwa na s mbili. Ya mwisho wa neno ilikuwa hii tunayoijua. Ya mwanzo na ya katikati ilikuwa ndefu, ſ, inafanana na f iliyokatwa mkono. Sasa ile programu inayosoma picha za kurasa na kuzigeuza maandishi inaiona ſ inasema hiyo ni f. Kwa hiyo "forecaſt" kwenye kompyuta inakuwa "forecaft". Ndiyo. Forecaft. Andika hivyo hivyo kwenye kisanduku cha kutafutia uone, utacheka, wale uliodhani hawapo wanatoka wote mafichoni. Matoleo mapya ya Ngram yamerekebishwa kiasi lakini mimi mpaka leo natafuta yote mawili, sina imani tena.

Halafu kuna haya mengine, nayaweka kwa fujo kama yalivyonikuta:

Ngram yenyewe huanzia 1800 usipoigusa, badilisha mwaka mwenyewe. Na inatofautisha herufi kubwa na ndogo, kuna kiboksi cha kuondoa hilo, kitiki.

Jaribu fore-cast yenye kistari, forecaste yenye e, forcast isiyo na e. Watu wa zamani tahajia ilikuwa mali ya mwandishi.

Kwenye tovuti zinazokubali kinyota mwisho wa neno (forecast*), ukikitumia ili upate forecasts na forecasting utaletewa mabaharia wengi hujawahi kuona, kwa sababu kuna neno forecastle, sehemu ya mbele ya meli. Hilo ni fore na castle, ngome, halina undugu na cast. Na likikatwa mwisho wa mstari, "forecast-" juu na "le" chini, mashine inakuhesabia forecast. Mimi nilikuwa na mifano sita safi ya karne ya 17, minne ilikuwa meli.

Na tarehe. Usiamini tarehe iliyoandikwa pembeni ya kitabu, ya majarida hasa, mara nyingi mfululizo mzima unapewa mwaka wa toleo la kwanza, kwa hiyo unakuta "1820" inazungumzia simu ya upepo. Fungua picha ya ukurasa wa jina, soma kwa macho yako, piga skrinishoti. Kama kitabu ni cha zamani lakini kimechapwa upya, mhariri anaweza kuwa amesafisha tahajia yote, hapo huna ushahidi wa kitu.

Hatua ya 5: Usitazame neno, tazama linachokipangia

Hii ndiyo siri yangu. Weka mifano yako kwenye daftari (mimi daftari la karatasi, niacheni) na kila mfano chora mstari chini ya kitu kinachokuja baada ya forecast. Kwanza ni hila, safari, mambo ya nyumbani, vita. Vitu ambavyo mtu mwenyewe ana mkono ndani yake. Huwezi "ku-forecast" kwa maana ile kitu usichokiendesha. Baadaye kinachofuata ni dhoruba, upepo, mvua, bei, vitu ambavyo havikusikilizi. Siku kile kitu kinapotoka mkononi mwa msemaji, maana imehama, hata kama neno limekaa pale pale. Kamusi itakwambia maana ya 1 na ya 2. Daftari litakuonyesha mlango uliopo katikati.

Hatua ya 6: Mtafute aliyefungua mlango

Sio kila neno lina mtu. Hili linaye: Robert FitzRoy, yule yule nahodha wa meli ya Beagle aliyemzungusha Darwin.

Mwaka 1854 serikali ya Uingereza ilifungua ofisi ndogo ya takwimu za hali ya hewa chini ya Bodi ya Biashara, ikampa yeye. Mwaka huo huo mbunge mmoja alisimama akasema huenda siku moja watu wa London wakajua hali ya hewa saa 24 kabla, na kumbukumbu za bunge zimeandika kwamba wenzake walicheka. Kumbukumbu zile ziko bure mtandaoni, nenda kazisome, kicheko kimechapwa kabisa kwenye mabano.

Walichekaje kitu ambacho leo kiko kwenye kila simu? Kwa sababu kusema ya kesho ilikuwa kazi ya waganga. Kulikuwa na almanaki za wanajimu zinauzwa kama karanga, na sheria ya uzururaji ya 1824 ilikuwa inamfunga anayejidai kusoma bahati za watu. Sasa wewe ni afisa wa jeshi la maji, una telegrafu, una vipima shinikizo la hewa bandarini, utajiitaje?

Oktoba 1859 meli ya Royal Charter ikapigwa na dhoruba pwani ya Wales, watu zaidi ya 400 wakafa. Hapo kicheko kikapungua. Mapema 1861 FitzRoy akaanza kupeleka maonyo bandarini kwa telegrafu, wanapandisha koni na ngoma za turubai kwenye mlingoti wavuvi wazione, na tarehe 1 Agosti 1861 gazeti la The Times likatoa taarifa yake ya kwanza kwa umma, ya siku mbili mbele.

Kwenye kitabu chake cha 1863 anaeleza kwa nini forecast: anasema hizi sio prophecy na sio prediction, forecast inafaa kwa maoni yanayotokana na kuunganisha na kukokotoa kisayansi. Rudi hatua ya 2. Kupiga hesabu. Jamaa hakutunga neno, alichagua lile lenye harufu ya hesabu akayaacha yale yenye harufu ya ubani. Kwangu mimi hiyo ni tafsiri bora kuliko nyingi nilizolipwa.

Mwisho wake haukuwa mzuri. Magazeti yalimkejeli kila akikosea, akajiua Aprili 1865, na mwaka uliofuata taarifa za umma zikasimamishwa, zikarudi 1879. Mwaka 2002 eneo moja la bahari kwenye taarifa za meli za Uingereza likabadilishwa jina likaitwa FitzRoy.

Hatua ya 7: Angalia jirani waliitaje

Fasta tu. Marekani walianza na probabilities (uwezekano), mpaka mtaalamu wao Cleveland Abbe akabandikwa jina la utani Old Probabilities, 1876 wakaenda kwenye indications (dalili), 1889 ndio wakaja forecasts. Leo wataalamu wa matetemeko Marekani wanatenganisha: prediction lazima itaje wakati, mahali na ukubwa, forecast inatoa uwezekano tu. Biashara nayo ikalichukua, mauzo, bajeti.

Hatua ya 8: Rudi nyumbani, chagua neno la Kiswahili

Kuna watafsiri wanaandika "utabiri" kila mahali. Mimi hapana. Hali ya hewa sawa, imeshazoeleka, redio inasema hivyo. Lakini forecast ya mapato ni makadirio, na hata bungeni ni makadirio ya mapato na matumizi. Matokeo ya mechi kabla ya mkeka, watu wanabashiri. Na ile ya kabla ya FitzRoy ni kupanga, kula njama, kujipanga, kutegemea nani anafanya.

Kinachochekesha ni kwamba FitzRoy alikimbia ndoto na unabii, sisi tukampokea kwa "tabiri", ambalo Kiarabu chake ni kueleza maana ya ndoto. Ni mzizi ule ule anaoutumia mfalme wa Misri kwenye Sura ya Yusuf anapotaka afasiriwe ng'ombe wake saba.

Dogo amefuta "kutabiri" kwenye karatasi yake kaandika "atapanga hila zake". Jana usiku kanitumia nyingine: Matendo 21:15, Biblia ile ile, Paulo na wenzake "took up our carriages" wakaenda Yerusalemu. Anauliza waliyabebaje magari.

Nimemwambia aanze hatua ya 1.