Somo: Karantini ya samaki wapya na tiba ya magonjwa katika tangi la samaki mchanganyiko

Tangi lenye samaki wa aina nyingi lina ugumu wake wa pekee, kwa kuwa dawa inayomponya mmoja huweza kumuua jirani yake. Shaba inayoangamiza vimelea huangamiza pia konokono na kamba, na chumvi ambayo gapi huivumilia bila taabu huwasumbua kambare wadogo wa sakafuni. Ndiyo maana sehemu kubwa ya kazi ninayoieleza hapa hufanyika nje ya tangi kuu, katika chombo kidogo ambacho wafugaji wengi hukiona ni gharama ya bure. Nami nilikiona hivyo, hadi nilipowaingiza neon tetra sita moja kwa moja kutoka dukani, na baada ya siku tano tangi zima likawa limejaa madoa meupe.

Hatua ya kwanza: kuandaa tangi la karantini. Lita 40 zinatosha kwa samaki wadogo. Weka hita, kipimajoto, chujio la sponji linaloendeshwa na pampu ya hewa, na kipande cha bomba la plastiki ambamo samaki atajificha. Usiweke changarawe, kwani sakafu tupu hukuonyesha kinyesi na mabaki ya chakula, nayo huwanyima vimelea maficho. Jambo ambalo wengi hulisahau ni kwamba sponji mpya haina bakteria wa kugeuza amonia, taka yenye sumu itokayo kwa samaki, kuwa naitraiti na kisha naitreti. Basi iache sponji hiyo ndani ya tangi kuu kwa wiki kadhaa kabla ya kununua samaki, kisha uihamishe siku wanapowasili. Wavu, ndoo na mpira wa kunyonyea maji viwe vya tangi hilo peke yake.

Hatua ya pili: kumpokea mgeni. Acha mfuko uliofungwa uelee juu ya maji kwa dakika 15 hadi 20 ili joto lilingane. Samaki akikaa ndani ya mfuko kwa saa nyingi, pumzi yake hujaza maji kabonidioksidi, pH (kipimo cha asidi ya maji) hushuka, na amonia iliyolimbikana hubaki katika hali isiyo na sumu kali. Ukifungua mfuko, kabonidioksidi hutoka, pH hupanda, na amonia ileile huwa sumu. Kwa hiyo samaki aliyesafiri kwa muda mrefu hafai kuachwa ndani ya mfuko uliofunguliwa huku ukimdondoshea maji tone kwa tone kwa saa nzima. Mfuko ukifunguliwa, mtoe kwa wavu mapema na uyamwage maji yake mbali na matangi yako.

Hatua ya tatu: wiki nne za kutazama. Lisha kidogo, ondoa mabaki, pima amonia kila baada ya siku mbili, na kila siku mtazame samaki anavyokula na anavyopumua. Kinyesi cheupe chembamba na mwili unaokonda huashiria minyoo ya tumboni, na nyuzi nyekundu zinazochungulia kwenye mkundu ni minyoo ya Camallanus, ambayo hutibiwa kwa levamisoli. Samaki anayejikuna kwenye bomba huku tamvua moja limefumba huenda ana vimelea bapa wa matamvuani, nao hutibiwa kwa prazikwanteli, dawa ileile inayotumika kwa binadamu wenye kichocho. Sikubaliani na desturi ya kumwaga antibiotiki kwa kila mgeni asiye na dalili yoyote, kwani huua bakteria wa chujio na huwazoesha vijidudu dawa kabla haijahitajika.

Hatua ya nne: ugonjwa ukizuka, maji kwanza. Samaki wanaohema juu ya maji huenda wana vimelea katika matamvua, lakini huenda pia wamesumishwa na naitraiti, na kwa macho hutatofautisha. Amonia na naitraiti zinapaswa kusomeka sifuri. Zisiposomeka hivyo, badilisha thuluthi moja hadi nusu ya maji kwa maji yaliyoondolewa klorini na yenye joto lilelile, kisha subiri. Mara nyingi dalili hutoweka bila tone la dawa.

Hatua ya tano: kutambua kabla ya kutibu. Hapa ndipo makosa ya gharama kubwa hufanyika.

Madoa meupe kama punje za chumvi, yaliyotawanyika mwilini na kwenye mapezi, husababishwa na Ichthyophthirius multifiliis. Kimelea hiki hujilisha chini ya ngozi, hukomaa, huanguka sakafuni, hujifungia ndani ya ganda na kugawanyika kuwa mamia ya watoto wanaoogelea kutafuta samaki. Dawa huwaua hao waogeleaji pekee. Katika nyuzi 25 mzunguko huo huchukua takriban wiki moja, na maji yakiwa baridi huchukua muda mrefu zaidi. Ndiyo sababu ya kupandisha joto polepole, nyuzi moja au mbili kwa siku, ikiwa samaki wako wote wanalivumilia. Kumbuka kuongeza hewa, kwani maji ya moto hubeba oksijeni kidogo.

Mabaka meupe au ya kijivu mdomoni na mgongoni, yanayofanana na ukungu, huenda ni bakteria aitwaye Flavobacterium columnare, naye hustawi zaidi joto linapopanda. Anayedhani kila cheupe ni kile kile na kuongeza joto humsaidia adui. Vumbi laini la rangi ya dhahabu, linaloonekana vyema kwa tochi, ni la kimelea kingine chenye uwezo wa kutumia mwanga kama mmea; zima taa za tangi na utibu kwa shaba ndani ya karantini.

Hatua ya sita: kupima dozi. Zidisha urefu, upana na kimo cha maji kwa sentimita, gawa kwa 1,000, kisha toa nafasi ya mawe na changarawe. Tangi la 60 kwa 30 kwa 30 huhesabiwa kuwa lita 54, ilhali maji halisi huenda ni lita 45. Ondoa kaboni kwenye chujio, la sivyo itanyonya dawa.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, nimeweka dawa ya madoa meupe jana na leo madoa yameongezeka. Je, niongeze dozi?*

Hapana, ndugu. Vimelea unavyoviona leo vilikuwa tayari chini ya ngozi, mahali ambapo dawa haifiki. Endelea na dozi iliyoandikwa, na usiache mpaka zipite siku kadhaa baada ya doa la mwisho kutoweka.

*Nina kamba na konokono ambao sitaki wafe. Nifanyeje?*

Wahamishe samaki wote kwenye karantini na uwatibu huko. Kamba na konokono hawaugui madoa meupe, na waogeleaji wakikosa samaki hufa ndani ya siku chache. Liache tangi kuu bila samaki kwa wiki mbili katika nyuzi 27 hivi.

*Je, mimea mipya nayo iwekwe karantini?*

Ndiyo. Ganda la kimelea huweza kunata kwenye jani. Iweke katika chombo kisicho na samaki kwa muda kama huo.

*Asante kwa somo, mwalimu. Samaki wangu mzee amevimba tumbo na magamba yamesimama. Anaweza kupona?*

Pole sana. Hali hiyo huonyesha kwamba figo zimeshindwa kutoa maji mwilini, na wanaopona ni wachache. Mtenge, mpe maji safi, na usiwape wenzake dawa kwa hofu tu. Kama pia amekonda mgongoni au ana vidonda visivyofunga, vaa glavu unapoingiza mkono na usinyonye mpira wa maji kwa mdomo: Mycobacterium marinum huingia kupitia mkwaruzo wa ngozi ya binadamu, na kidonda chake huhitaji miezi ya antibiotiki.