Dodoso limeshatafsiriwa? Sasa muulize mgonjwa mara mbili

Wanafunzi wangu wa tiba ya familia wakishatafsiri dodoso, wakalirudisha kwenye Kiingereza na kulinganisha, huja wakitabasamu. Nawauliza: mgonjwa yule yule, hali ile ile, wiki ijayo atajibu vile vile?

Tuchukue PHQ-9, dodoso la sonona. Lina maswali tisa, kila moja alama 0 hadi 3, na linauliza habari za wiki mbili zilizopita. Mrudie mgonjwa baada ya wiki moja. Ukingoja wiki mbili, majibu ya pili yatahusu siku nyingine kabisa. Ukimrudia keshokutwa, atakariri aliyokujibu juzi. Unahitaji angalau 50 waliojibu mara zote mbili, kwa hiyo andikisha zaidi, maana wapo watakaokosa nauli. Akirudi, kwanza muulize kama hali ni ile ile. Aliyeanza dawa au aliyefiwa hapo katikati usimtie kwenye hesabu hii.

Kisha msikilize anayesoma maswali. Kliniki nyingi mgonjwa husomewa, na hapo ndipo mambo huharibika. Swali la tisa linahusu mawazo ya kufa au kujidhuru. Muuguzi huinamisha macho: “Hayo mawazo huna, eti mama?” Mama anatikisa kichwa, sifuri inaandikwa. Sasa hapo tumepima nini? Waambie wasome kama ilivyoandikwa, halafu wauguzi wawili wamhoji mgonjwa mmoja kila mtu kwa wakati wake, wakipokezana nani aanze, ili uone kama alama zao zinalingana. Na yeyote atakayepata zaidi ya sifuri kwenye swali hilo aonane na daktari kabla hajaondoka; utafiti utasubiri.

Kwenye hesabu, alfa ya Cronbach, yaani kipimo cha jinsi maswali yanavyokwenda pamoja, ya 0.70 hadi 0.90 inaridhisha, ila inatokana na kikao kimoja tu, na hupanda ukiongeza maswali. Kwa jumla ya alama tumia ICC ya makubaliano kamili, yaani kipimo cha jinsi alama za mara mbili zinavyolingana zenyewe kwa zenyewe; 0.75 kwenda juu ni nzuri. Usiniletee uwiano wa Pearson, unaoangalia tu kama alama hupanda na kushuka pamoja: wagonjwa wote wakipanda alama tatu, wenyewe bado utasema mambo safi. Kwa swali moja moja, tumia kapa yenye uzito, kipimo cha makubaliano kinachohesabu tofauti kubwa ya majibu kuwa kosa zito kuliko ndogo.

Swali likiyumba, yaani majibu yake yasipolingana, huenda likawa la nane, linalouliza kuzubaa na kuhangaika kwa pamoja. Warudie wagonjwa wachache, wakueleze kwa maneno yao walichoelewa, kabla hujagusa sentensi.