Kubebesha mwembe: somo kwa wanaouliza kwa nini kikonyo kimekauka

Kila msimu wa miche swali hili hurudi, mara kwa ujumbe wa faragha, mara chini ya mada isiyohusika kabisa: "Nimebebesha miembe, vikonyo vyote vimekauka, tatizo ni nini?" Kwa kuwa jibu ni lile lile karibu kila mara, nimeona niliandike hapa kwa utaratibu, na atakayeuliza tena nitamwelekeza kwenye somo hili. Kubebesha ni kuunganisha kijiti cha mwembe mzuri, ndicho kikonyo, juu ya mche mwingine ili viwe mti mmoja, na njia ninayoieleza ni ile ya kupasua shina la mche na kuchomeka kikonyo kilichochongwa kabari.

Hatua ya kwanza. Otesha kokwa za embe la kienyeji katika viriba, usubiri mpaka shina lifikie unene wa penseli.

Hatua ya pili. Chagua kikonyo chenye unene huo huo, chenye urefu wa sentimita 10 hadi 15, kutoka mwembe ambao umekwisha kuzaa na ambao matunda yake unayajua. Majani yake yaondolewe siku 7 hadi 10 kabla ya kukikata mtini, ili macho yaanze kuvimba.

Hatua ya tatu. Noa kisu, kisafishe kwa spiriti.

Hatua ya nne. Kata kichwa cha mche, pasua shina katikati kwa kina cha sentimita 3 hadi 4, kisha chonga kikonyo pande mbili kwa urefu huo huo. Macho yatazame juu.

Hatua ya tano ni kuunganisha, na hapa ndipo vikonyo vingi hufia. Ukilikata shina la mwembe na kulitazama kutoka nje kwenda ndani, utakuta kwanza gome, kisha floemu, ambayo husafirisha chakula kilichotengenezwa na majani, kisha utando mwembamba na wenye utelezi uitwao kambiamu, na ndani yake mbao, yaani zailemu, inayopandisha maji na madini kutoka mizizini. Katika mkato huo kambiamu ndiyo tegemeo lako, kwa sababu seli zake hugawanyika na kutengeneza floemu mpya upande wa nje na zailemu mpya upande wa ndani. Mbao iliyokwisha kukomaa haiungani na mbao nyingine hata uifunge kwa waya. Kwa hiyo kambiamu ya kikonyo lazima iguse kambiamu ya mche, na kosa la kawaida ni kulinganisha magome kwa nje, jambo ambalo kwa macho linapendeza lakini kwa mmea halina maana: gome la mche kwa kawaida ni nene kuliko la kikonyo, na ukiyasawazisha kwa nje, kambiamu mbili zinapishana ndani bila kukutana. Tazama mstari ulio kati ya gome na mbao, ulinganishe huo. Kikonyo kikiwa chembamba kuliko mche, usikiweke katikati ya mpasuko, bali kisogeze upande mmoja mpaka mistari ya upande huo ikutane. Upande mmoja ukishika, unatosha. Usiguse sehemu iliyochongwa kwa vidole, usiirudie kuichonga mara tatu nne kama mtu anayemenya muhogo, na usiiache ikae wazi wakati unatafuta utepe, kwa maana seli za juu zikikauka hazitaungana na chochote.

Hatua ya sita. Funga kwa utepe wa plastiki kuanzia chini kwenda juu, ukaze, kisha kivike kikonyo mfuko mtupu wa plastiki, ule mwembamba wa kugandishia barafu, na uweke mche kivulini. Mfuko huu si urembo: kikonyo hakina mizizi, na mpaka zailemu mpya iungane kinaishi kwa maji kilichokuja nayo.

Hatua ya saba. Macho yakichipua, kwa kawaida baada ya wiki 3 hadi 4, ondoa mfuko. Usishangilie mapema, kwa kuwa kikonyo kinaweza kuchipua kwa akiba yake kisha kikafa. Kila chipukizi linalotokea chini ya kiungo liondolewe, kwa sababu hilo ni embe la kienyeji. Utepe ukate kiungo kikishakomaa, la sivyo utaibana floemu.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali (Mkuranga): Mkuu, vyangu vimekauka vyote. Tatizo nini?

Jibu: Hatua ya tano. Kama uliisoma, tueleze ulilinganisha upande gani, ulifunika kwa kitu gani na kisu kilikuwa katika hali gani. Bila hayo sina la kukujibu.

Swali (Muheza): Naweza kubebesha embe juu ya mchungwa? Michungwa ninayo mingi.

Jibu: Hapana. Ni miti ya familia mbili tofauti.

Swali (Tabora): Hizi kambiamu ni nadharia za darasani. Babu yangu alikuwa anachomeka na kufunga tu, na miti ilishika.

Jibu: Babu yako alikuwa akizikutanisha, ingawa hakuzitaja kwa jina. Sikusema lazima ujue jina lake. Nimesema lazima ziguse.

Swali (Makueni): Mwalimu, shikamoo. Kwa nini nisipande tu kokwa ya embe tamu nililolila, nikaepuka kazi hii yote?

Jibu: Marahaba, na swali lako ni zuri. Kichala kimoja cha maua ya mwembe kina maua dume na maua yenye jinsi zote mbili, na wadudu, hasa nzi, huhamisha chavua kutoka ua hadi ua na kutoka mti hadi mti. Chavua ikitua juu ya stigma, yaani ncha ya sehemu ya kike ya ua, huotesha mrija unaoshuka hadi ndani ya ovari, ambako gameti, yaani seli ya uzazi, ya kiume huungana na yai. Kwa hiyo kokwa ya aina za embe kama Kent, Keitt, Tommy Atkins au Alphonso, ambazo huwa na kiinitete (mche mchanga ndani ya kokwa) kimoja, ni mtoto wa wazazi wawili, na huenda baba yake ni mwembe mbovu wa jirani. Kikonyo hakikupitia utungisho, ndiyo maana huzaa embe lile lile la mti kilikotoka. Lakini zipo aina za miembe ambazo kokwa yake huotesha miche kadhaa, na mingi kati ya hiyo hutokana na tishu ya mama peke yake, hivyo hufanana naye. Fukua kokwa inayoota uhesabu machipukizi. Yakiwa mengi, umepata miche mizuri ya kubebeshea kwa sababu hulingana kwa ukuaji.

Swali (Bukoba): Je, migomba nayo hubebeshwa?

Jibu: Haibebesheki, wala mnazi. Mishipa yao ya zailemu na floemu imetawanyika shinani badala ya kukaa katika duara, na haina kambiamu ya kuunganisha. Mgomba endelea kuupanda kwa machipukizi.

Swali (Bukoba tena): Nje ya mada kidogo, samahani. Mbuzi wametafuna gome la mwembe wangu mkubwa kuzunguka shina lote, lakini majani bado ni ya kijani. Utapona?

Jibu: Usidanganywe na majani. Mbuzi wamekula gome pamoja na floemu, lakini zailemu iko ndani zaidi, na uvukizi wa majani unaendelea kuvuta maji kupitia humo. Kinachokosekana ni sukari ya kushuka mizizini. Mwanasayansi wa Italia, Marcello Malpighi, alivua magome namna hiyo katika karne ya 17, akaona shina likivimba juu ya jeraha. Mizizi ikimaliza akiba yake, mti hufa. Kama umesalia ukanda wa gome hata wa vidole viwili, safisha jeraha na uzungushie uzio. Kama haukusalia, kata vikonyo virefu kuliko jeraha, vichonge ncha zote mbili, uchomeke ncha ya chini ndani ya gome zima lililo chini ya jeraha na ya juu ndani ya lile lililo juu yake, kambiamu kwa kambiamu, bila kukipindua kikonyo hata kimoja. Weka vitatu au vinne kuzunguka shina, ufunge, na uifanye kazi hiyo wiki hii.