Vundika ndizi, uione homoni ikifanya kazi

Nikifundisha homoni, wanafunzi hukariri majina: insulini, oksitosini, auksini. Nikiwauliza homoni inafanya nini hasa, darasa linanyamaza. Siku hizi naanza na chane ya ndizi. Homoni ni ujumbe, na ujumbe haufai kitu pasipo wa kuupokea. Ndizi inaonyesha yote mawili.

Hatua ya 1. Tafuta chane moja ya ndizi iliyokomaa lakini bado ya kijani. Hapa usiharakishe, jaribio lote limelala hapa. Ndizi changa ina pembe kali. Iliyokomaa imejaa na pembe zake zimefifia. Ukivundika changa utapata kitu kilichonywea, kisicho na utamu.

Hatua ya 2. Igawe mafungu matatu. La kwanza litie kwenye mfuko wa karatasi pamoja na ndizi moja iliyoiva sana. La pili litie kwenye mfuko kama huo, peke yake. La tatu liache wazi kwenye sahani. Yote yakae kivulini, mahali pamoja.

Hatua ya 3. Kunja midomo ya mifuko. Nailoni usitumie: ndizi inapumua, na ikifungiwa na unyevu wake itaoza.

Hatua ya 4. Kila asubuhi tazama rangi, bonyeza, nusa, andika. Mwishowe onja.

Kwa kawaida fungu la kwanza ndilo hutangulia. Ile ndizi mbivu inatoa gesi iitwayo ethilini. Mwanasayansi Dimitri Neljubow, kule St. Petersburg, Urusi, aligundua mwaka 1901 kwamba gesi hiyo, iliyokuwamo katika gesi ya taa, ndiyo iliyoharibu ukuaji wa miche yake ya njegere. Mwaka 1934 mwanasayansi mwingine, Richard Gane, akathibitisha kwamba matunda yenyewe huitengeneza. Gesi kidogo sana inatosha. Ikishika vipokezi vya seli, yaani sehemu zinazoupokea ujumbe, vimeng'enya (protini zinazoharakisha mabadiliko ndani ya seli) vinaanza kazi: wanga unageuka sukari, kijani kinavunjika, nyama inalainika. Kisha ndizi iliyopokea ujumbe inaanza kutoa ethilini yake, nayo inaiamsha jirani.

Mwili wetu nao una homoni inayojichochea hivyo. Mama anapojifungua, kichwa cha mtoto hukandamiza mlango wa kizazi, ubongo unaachia oksitosini, uchungu unaongezeka, kichwa kinakandamiza zaidi, na oksitosini inazidi, mpaka mtoto atoke. Insulini, inayoshusha sukari ya damu, ni kinyume: sukari ikishuka, kongosho linapunguza kutoa insulini. Homoni nyingi mwilini huwa na breki ya namna hiyo.

MASWALI

Mwalimu, nimejaribu kwa machungwa, hayakuongezeka utamu hata kidogo. Nimekosea wapi?

Hujakosea, ndugu yangu. Chungwa likichumwa halina akiba ya wanga wa kugeuza sukari. Ethilini inaweza kulibadilisha rangi ya ganda, utamu hapana. Nanasi pia halizidi utamu baada ya kukatwa. Embe, papai, parachichi na nyanya zitakubali kuivishwa hivi.

Shikamoo mwalimu. Bibi yangu Bukoba anachimba shimo, anatandika majani ya mgomba, anaingiza moshi. Ni ethilini hiyohiyo?

Marahaba. Ndiyo, moshi una ethilini ndani yake, na joto la shimo linasaidia. Mpe bibi heshima yake: anaitumia homoni hii bila kuhitaji jina lake.

Na kabaidi? Sokoni wengi wanaitumia kwenye maembe.

Kabaidi ikipata unyevu hutoa asetilini, gesi inayoiga ethilini. Lakini kabaidi ya viwandani huwa na mabaki ya aseniki na fosforasi. Usiitumie kwenye chakula, nakusihi. Nawasikitikia hasa vijana wanaoishika kwa mikono mitupu kila siku.

Mbona nikikata ncha ya mchicha unatoa matawi mengi?

Ncha hutengeneza auksini, inayoshuka kwenye shina na kuzuia machipukizi ya pembeni. Ukiikata, kizuizi kimeondoka.

Mume wangu ana kisukari, daktari anasema insulini anayo. Inawezekanaje?

Dada, ndiyo aina ya pili ya kisukari. Insulini ipo, ila seli zinaiitikia kwa shida, na baadaye kongosho nalo linaweza kuchoka. Mazoezi husaidia seli kuiitikia vizuri zaidi. Dawa asiache, na mabadiliko yoyote apange na daktari wake.