Kimbunga dhaifu kikipita Mafia: namna ninavyokifuatilia nikiwa Majengo, Dodoma

Nauza nazi Soko la Majengo, na nazi zangu nyingi zinatoka Mafia. Shemeji yangu yuko Kilindoni. Yeye ananikusanyia mzigo, unavuka kwa chombo mpaka Nyamisati, kisha unapanda lori kuja bara. Majirani wananicheka: Mgogo na bahari wapi na wapi? Lakini nazi ikishafuliwa haina subira. Yenye makumbi unaiacha stoo inakungoja. Iliyofuliwa ikikwama siku kadhaa kwenye kiroba chenye unyevu inaota ukungu kwenye macho, na mama wa Majengo akiishika ataitikisa sikioni, ataigonga kwa kucha, ataunusa ule upande wa macho, halafu anairudisha na kwenda kwa jirani yangu. Kwa hiyo kikitajwa kimbunga natafuta jibu moja tu la kumpa shemeji: aweke kifuo chini au aendelee kufua?

Vimbunga vya upande wetu wa Bahari ya Hindi vinahesabiwa kwa msimu unaoanza Julai mpaka Juni, na majina yanafuata alfabeti. Kwenye pwani yetu mimi nakaza macho zaidi Aprili na Mei. Kile kilichoipiga Zanzibar mwaka 1872 kilikuja Aprili, na kile cha Lindi cha 1952 nacho Aprili. Vikubwa kama hivyo ni adimu kwetu kwa sababu tuko karibu na ikweta, ambako nguvu ya dunia kuzunguka, ile inayoupinda upepo mpaka ukawa duara, ni ndogo. Mafia iko kama nyuzi 8 tu kusini mwa ikweta. Ndiyo maana wageni wetu wengi wanafika wamechoka. Kimbunga Jobo, Aprili 2021, kilitangazwa kuja pwani kikaisha nguvu kabla. Hidaya kilikuwa kimbunga kamili baharini, ila kilipoifikia Mafia tarehe 4 Mei 2024 kilikuwa kimeshapungua sana.

Kilichochoka ndicho kigumu kukifuatilia, usidanganyike. Chenye nguvu kina jicho, hata mtoto anakuonyesha kwenye picha kiko wapi. Dhaifu ni kama bonge la moshi, kitovu unakitafuta.

Naanza na TMA, Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, sina mjadala hapo. Nasoma rangi na maneno: Angalizo, Tahadhari, Tahadhari Kubwa. Chini ya hapo kuna uwezekano wa kutokea na kiwango cha athari, na mikoa inatajwa kwa jina. Watu wanasambaza ramani peke yake bila maandishi. Mimi ramani isiyo na tarehe siifungui, maana za mwaka juzi huwa zinafufuka kila kukiwa na upepo.

Baada ya hapo naenda kwa Météo-France kisiwani La Réunion, kituo chenye jukumu la vimbunga vya eneo letu lote. Wao wanaweka mahali kitovu kilipo, kasi ya upepo na njia inayotarajiwa, kila baada ya saa sita. Saa zao ni za Greenwich. Kwa saa zetu za Kiswahili toa tatu: wakiandika 06 ni saa tatu asubuhi, 12 ni saa tisa alasiri, 18 inakuwa saa tatu usiku, na 00 ni saa tisa usiku. Kumbuka hiyo ni saa ya kipimo. Taarifa yenyewe inatoka baadaye, kwa hiyo unapoisoma kimbunga kimeshasogea.

Upepo wanaupima kwa noti. Noti moja ni kilomita 1.85 kwa saa. Chini ya noti 34, yaani kama kilomita 63 kwa saa, hakijapata jina. Kuanzia 34 hadi 47 ni dhoruba ya wastani, 48 hadi 63 ni dhoruba kali, na 64 kwenda juu ndipo wanakiita kimbunga kamili. Namba za Wamarekani huwa juu kidogo kwa kimbunga hicho hicho, kwa sababu wao wanachukua wastani wa upepo wa dakika moja na La Réunion wanachukua wa dakika kumi. Chagua mmoja umfuate mpaka mwisho. Ukichanganya utadhani kimepanda kumbe umebadilisha mpimaji.

Sasa chukua daftari la hesabu la mtoto, lile la miraba. Miraba miwili iwe nyuzi moja. Mstari wa kulala andika nyuzi za mashariki, 38 mpaka 50. Wa kusimama andika za kusini, 4 mpaka 14. Weka alama ya Mafia karibu na pale 8 inapokutana na 40, kushoto kidogo. Kwa eneo letu nyuzi moja ni kama kilomita 110 kwenda upande wowote, ndiyo raha ya kukaa karibu na ikweta. Tuseme saa tatu asubuhi kitovu kilikuwa 9.5 kusini na 44 mashariki, saa tisa alasiri kiko 9.2 na 42.8. Kimesogea nyuzi 1.2 hivi, kilomita 130 na ushee kwa saa sita, sawa na kilomita 22 kwa saa. Imebaki nyuzi 2.8 kufika 40, kilomita 310 hivi, saa kumi na nne. Kikiendelea hivyo hivyo, alfajiri saa kumi na moja kiko jirani na kisiwa. Programu za simu zinakuchorea yote haya, na mimi ninazo, ila penseli inakuonyesha kitu ambacho programu inakuficha: kama nukta zako zinarukaruka. Kimbunga dhaifu kitovu chake kinaweza kuvunjika na kujiunda upya chini ya mawingu mazito, mbali na pale kilipokuwa. Nukta zikiruka, usiamini saa ya kufika. Ngoja taarifa mbili zaidi.

Hapa ndipo ninapotaka mtu asikie vizuri. Acha kuuliza kinapita wapi, uliza Mafia itabaki upande gani. Huku kusini mwa ikweta upepo wa kimbunga unazunguka kama mshale wa saa. Kikija kutoka mashariki, kisiwa kinaanza kupata upepo wa kusini. Kikipita kaskazini mwa Mafia, upepo unahamia kutoka bahari kuu. Kikipita kusini mwake, unahamia kutoka bara. Na upande wa kusini wa kimbunga ndio huwa mbaya, kwa sababu pale upepo wake unaungana na kusi ambayo Mei imeshaanza kuvuma yenyewe. Kwa hiyo kimbunga kinyonge kinachopita kilomita mia moja kaskazini ya kisiwa kinaweza kunifungia vyombo kuliko chenye jina kubwa kilichopita mbali kusini. Kwenye taarifa ya La Réunion tafuta umbali wa upepo wa noti 34, umeandikwa kwa kila robo ya duara. Chora duara hilo kwenye daftari uone kama linamgusa shemeji.

  

Picha za satelaiti naangalia asubuhi tu, bando ni hela. Picha ya mchana ya kawaida ni bora kuliko ile ya joto yenye rangi za kutisha. Rangi nyekundu inaonyesha wingu refu, haimaanishi upepo. Kwenye picha ya kawaida unaweza kuona duara dogo la mawingu mepesi likiwa limeachwa uchi, na mawingu mazito yamesukumwa pembeni. Ukiliona hilo, upepo wa juu unakikata kichwa. Mara nyingi hakitakua tena, lakini mvua itanyesha kule yalikokwenda mawingu.

Halafu nampigia shemeji. Siulizi kama kuna kimbunga, maana atanijibu alichosikia redioni.

"Shemeji, geuza mgongo kwenye upepo, nyoosha mkono wa kulia. Unaonyesha wapi?"

"Unaonyesha baharini huko, juu kidogo ya Jibondo."

Kitovu kiko upande huo, kwa kukadiria. Simama uwanjani au ufukweni, kati ya nyumba upepo unadanganya. Simu yake ina kipimo cha mgandamizo wa hewa, basi namwomba namba ya saa ile ile aliyonipa jana, nione kama imeshuka. Saa ile ile, kwa sababu hewa ya ukanda wetu inapanda na kushuka mara mbili kila siku hata kukiwa shwari: iko juu karibu na saa nne, iko chini karibu na saa kumi. Ukilinganisha asubuhi na alasiri utajitisha bure. Na wewe wa Dodoma ukifungua kipimo ukakuta kama 890 usipige yowe. Tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari, hiyo ndiyo yetu.

Upepo ukishahama na mgandamizo ukaanza kupanda, kimepita. TMA watatoa taarifa kwamba kimepoteza nguvu. Hapo wenzangu wengi wanaagiza mzigo siku ile ile. Mimi naangalia kama angalizo la upepo wa kilomita 40 kwa saa na mawimbi ya mita 2 bado lipo, kwa sababu bahari inachelewa kutulia na hilo angalizo ni taarifa nyingine kabisa. Likiwepo, kifuo kinabaki chini. Likiondoka, namwambia afue nusu, nyingine abaki nazo na makumbi yake, halafu nampigia dereva aliye Nyamisati aniambie barabara ya kutokea Bungu ikoje baada ya mvua. Akisema inapitika kwa gari dogo tu, naagiza viroba vya gari dogo.